Nafuu ya kodi kwa magari ya umeme

Nafuu ya kodi kwa magari ya umeme ni hatua ya serikali kusamehe, kupunguza au kurejesha sehemu ya kodi ili gari la betri limfikie mnunuzi kwa bei ya chini. Mara nyingi hutolewa ama kwenye kodi ya mapato ya mnunuzi, ama bandarini kabla gari halijatoka. Mkulima wa Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, anayeishi kwa kabichi na viazi hana mshahara wa kukatwa kodi kila mwezi, hivyo nafuu itakayomfikia ni ile ya bandarini.

Marekani ilifuata njia ya kwanza. Sheria ya Agosti 2022 iliruhusu punguzo la hadi dola 7,500 kwa gari jipya na 4,000 kwa lililotumika. Mwenye kipato kidogo hakufaidi yote, kwa kuwa hakudaiwa kodi ya kutosha, mpaka ilipokubaliwa mwaka 2024 kiasi hicho kikatwe dukani. Mpango ulikoma tarehe 30 Septemba 2025.

Afrika Mashariki imechagua njia ya pili. Kenya ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2021 imeondoa ushuru na VAT kwa magari hayo, betri zake na vifaa vya vituo vya kuchajia.

Uzito wa nafuu ya bandarini huonekana kwenye hesabu, maana kodi hupandiana. Chukua gari lililofika Dar es Salaam likiwa na thamani ya shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya milioni 25, yaani milioni 4.5. Ukisamehe forodha peke yake, VAT nayo hushuka hadi milioni 3.6, na mnunuzi huokoa milioni 5.9.

Ushuru wa bidhaa wa Tanzania, kwa upande wake, ulipangwa kwa kipimo cha injini: hadi cc 1,000 hakuna, hadi cc 2,000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Gari la umeme halina cc, hivyo kipimo hicho hakiligusi. Gari lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30, na ongezeko hilo lina faida yake, kwani betri kuukuu hupoteza uwezo wa kushika chaji. Msamaha usiojali hali ya betri utatujazia mitumba iliyochoka.

Mkoa wa Morogoro una sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, huzalisha hadi megawati 204, na cha Kihansi 180. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hufika Morogoro kutoka Dar es Salaam. Lakini ndizi za Kinole, huko Uluguruni, bado hushuka kwa bodaboda za petroli, na petroli hiyo imesafirishwa kwa malori kutoka pwani. Hapa nafuu ya pikipiki na bajaji ingegusa watu wengi kuliko ya magari madogo.

Milima yenyewe inasaidia. Uluguruni mzigo hushuka: chombo hupanda kikiwa chepesi, hurudi kimejaa. Chenye mfumo wa kurejesha chaji, kikifunga breki mteremkoni, mota hugeuka jenereta, na uzito wa ndizi hujaza betri njiani kuelekea mjini.