Raundi ya Awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika (Zanzibar)

Raundi ya awali ni hatua ya mtoano inayotangulia makundi katika Ligi ya Mabingwa Afrika, mashindano ya klabu yaliyoanza mwaka 1964 na kupewa jina lake la sasa mwaka 1997. Husimamiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Kwa kawaida huwa na mikondo miwili, nyumbani na ugenini; mshindi hupatikana kwa jumla ya mabao. Jumla ikilingana, huangaliwa bao la ugenini, kisha hupigwa penalti bila muda wa nyongeza.

Zanzibar si mwanachama wa FIFA, lakini ni mwanachama mshiriki wa CAF. Uanachama kamili ilioupata Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huohuo. Kwa uanachama huo mshiriki, bingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar hushiriki kwa nafasi yake, mbali na klabu za Tanzania Bara. Mwaka 2024 JKU ya Zanzibar ilitolewa na Pyramids ya Misri, iliyokuja kutwaa ubingwa wa msimu huo.

Uwanja mkuu kisiwani Unguja, Zanzibar, ni Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 nje ya Mji Mkongwe na kufunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati. Klabu za Bara nazo huutumia: Septemba 2024 Yanga, iliyoshinda 1–0 Addis Ababa, iliifunga CBE ya Ethiopia 6–0 hapo na kuingia makundi kwa jumla ya 7–0.