Dawa ya Maumivu Iliyo Ndani ya Mwili Wako

Umewahi kujikata ukikimbilia mtoto aliyeanguka, na maumivu ukayasikia baadaye, mtoto akishatulia? Kuna sababu, na ilichukua miaka mingi kujulikana.

Tangu zamani watu walijua kasumba hupunguza maumivu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga mofini kutoka kwenye kasumba. Inavyofanya kazi haikueleweka hadi 1973, wataalamu wa Marekani na Uswidi walipoonyesha kwamba ubongo una vipokezi vya mofini. Kipokezi ni kama kufuli, na mofini ni ufunguo wake. Lakini mbona tuzaliwe na kufuli la kasumba, na hatuzaliwi na kasumba? Lazima mwili una ufunguo wake wenyewe.

Huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz waliutafuta katika bongo za nguruwe kutoka machinjioni. Mwaka 1975 walitangaza kupata funguo mbili, wakaziita enkefalini. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino 5 tu, vijenzi vilevile vya protini vilivyomo kwenye maharagwe na mayai. Mwaka 1976, huko California, Choh Hao Li akaeleza mnyororo mrefu zaidi, wa asidi amino 31, alioupata katika tezi iliyo chini ya ubongo wa ngamia. Naam, ngamia! Huo ni endofini.

Endofini huongezeka wakati wa uchungu wa kuzaa. Hapa naomba tuelewane. Nilipoanza kazi nilimwambia mama mmoja, "Jikaze, mwili una dawa yake." Nilikosea. Dawa hiyo hupunguza maumivu, haiyaondoi, na haitoshi sawa kwa kila mtu. Mama anayelia wodini si mwoga. Msugue mgongo, mshike mkono, umwite muuguzi.

Sasa, dawa kama kodeini hugeuka mofini mwilini, ikaingia makufuli yaleyale, yakiwemo yanayotawala pumzi. Hupita pia kwenye maziwa ya mama. Kwa hivyo usimpe mtoto dawa ya kikohozi yenye kodeini, na kama unanyonyesha, mwambie muuguzi kabla hujameza tembe yoyote ya maumivu uliyopewa na jirani. Ukiona mtoto amelala kupita kawaida, hanyonyi, anapumua polepole, usingoje kuche. Mkimbize hospitalini usiku huo huo.