Keneli: Makaa Yawakayo Kama Mshumaa

Bonge hili jeusi, lisilochafua kidole cha mwenye kulishika, na ambalo ukingo wake umemeguka laini mfano wa ganda la kome, ni makaa ya mawe ya Wigan, Uingereza, yaitwayo keneli, jina litokanalo na mshumaa, kwa kuwa kibanzi chake kikiwashwa huwaka chenyewe kwa ulimi mrefu wa nuru. Asili yake ni vumbi la mimea na miani vilivyotuama katika matope ya vidimbwi yapata miaka milioni 300 iliyopita.

Wenye nafasi waliyakoka sebuleni. Na huko Haigh, karibu na Wigan, palijengwa kwayo hata kibanda cha bustani, ambamo, bila shaka, hamkuwashwa moto. Karne ya 19 yalitoa gesi ya taa za miji. Naye mkemia James Young, kwa hataza ya mwaka 1850, akapata mafuta ya taa katika makaa ya jamii hiyo huko Bathgate, Uskoti. Kwa mali aliyoipata humo alimsaidia sahibu yake, mpelelezi David Livingstone, na mwaka 1874 akagharimia safari ya Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, kwenda Uingereza.

Bonge hili limewekwa kando ya kandili makusudi.