Mvuke Wenye Kanuni na Mvuke Wenye Askari

Kwa miongo mingi mvuke ulikuwa na nyumba mbili pale Kibera. Ya kwanza ilikuwa juu ya reli: boila ya gari moshi lililokata mtaa likielekea Kisumu na Uganda. Ya pili ilikuwa uani, ndani ya pipa la kangara. Kazi ya vyombo hivi viwili ni moja, yaani kupitisha joto kutoka upande huu wa chuma hadi ule bila vilivyomo kuchanganyika. Wahandisi wanakiita kibadilisha joto. Tofauti ni kwamba kimoja kilikuwa na kanuni ya kusema chuma kiwe cha aina gani na unene gani. Kingine kilikuwa na askari tu mlangoni.

Tuanze na reli. Nenda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi ukaone injini namba 5918, Mount Gelai, iliyoundwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950. Ilivuta mizigo hasa njia ya Mombasa, lakini tumbo lake ni la ukoo uleule wa zilizopita Kibera. Moshi wa moto unapita ndani ya mabomba membamba, maji yanayazunguka nje, na ganda nene la chuma linashika kila kitu. Presha yake ilikuwa ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, karibu mara 15 ya presha ya hewa inayotuzunguka.

Unene wa ganda hilo haukukisiwa kwa macho. Unachukua presha, unaizidisha kwa nusu ya kipenyo, unagawanya kwa mzigo ambao chuma kinaruhusiwa kubeba, kisha unafikiria udhaifu wa maungio na kutu itakayokula chuma baadaye. Ukiongeza kipenyo mara mbili, unene nao unaongezeka mara mbili. Ndiyo maana kwenye vibadilisha joto vya presha kubwa, kile chenye presha zaidi huwekwa ndani ya mabomba. Bomba jembamba linavumilia kwa chuma kidogo. Ganda pana lingekuwa zito na ghali mno.

Na huo mzigo unaoruhusiwa, nani aliuruhusu? Hapo tunakutana na makaburi. Tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu ililipuka mjini Brockton, Marekani, na watu 58 wakafa. Miaka 2 baadaye jimbo la Massachusetts likatunga sheria ya boila. Chama cha wahandisi mitambo, ASME, kikafuata na kanuni yake ya 1914, iliyotaka chuma kiwe na nguvu mara 5 ya kazi kitakayofanya. Mwaka 1941 watengenezaji wa vibadilisha joto wakaongeza kanuni zao, TEMA, zenye madaraja: R kwa kazi ngumu ya mafuta, C kwa kazi ya kawaida, B kwa kemikali. Anayechagua daraja anajibu swali moja: chombo hiki kitateswa kiasi gani? Kenya nayo ilipata sheria ya viwanda mwaka 1951, kisha ile ya usalama kazini ya 2007, na boila ikawa kitu cha kukaguliwa.

Sasa turudi uani. Wanajeshi wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, msitu. Wanawake wa Kinubi walipika pombe kali na kuiuza, na wakoloni wakaiita jini ya Wanubi. Mtambo wa aina hii si wa presha: sufuria ya maji baridi inakaa tu juu ya pipa, mvuke ukizidi unapenya pembeni. Hatari yake iko kwenye chuma chenyewe. Kangara ina asidi. Pipa lililowahi kubeba kemikali, au bomba lililoungwa kwa risasi, linaweza kutia sumu polepole.

Sheria ya 1980 ilipiga marufuku chang'aa. Haikuwa na neno kuhusu chuma, maana huwezi kukagua kitu unachokikataza. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Sumu ile haikutoka kwenye pipa, lakini inaonyesha mnywaji wa kitu cha kufichwa hana mtu wa kumuuliza. Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa, mradi ifuate viwango, na mpikaji wa uani hakuwa na mtaji wa kuvifikia.

Hebu pita Kawangware uone mafundi wanaochomelea mageti na majiko. Mikono yao haina shida. Geti likiachia ungio, mlango unaning'inia. Boila ikiachia, ukuta unaenda na watu. Kanuni inataka fundi apimwe, chuma kiwe na cheti cha kilikotoka, na chombo kijazribiwe kwa maji kabla ya mvuke, kwa sababu maji yakivuja hayalipuki. Fundi akiletewa pipa kuukuu leo, hana cheti cha kusoma. Ana swali tu la kumuuliza mteja: hili lilibeba nini kabla ya kufika hapa?