Hofu ya Chanjo: Tusikilize Kabla ya Kulaumu

Mwaka 2018 Tanzania ilianza kutoa nchi nzima chanjo dhidi ya virusi vya HPV kwa wasichana wenye umri wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa kwa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Virusi hivyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Hata hivyo, wapo wazazi, waamini wenzetu, wanaosita. Yatupasa kwanza kuelewa yaliyomo mioyoni mwao.

Sababu ya kwanza ni uzito wa kutenda. Mwanadamu huogopa zaidi madhara yatokanayo na mkono wake kuliko yale yatokanayo na kutofanya lolote. Mzazi hujiuliza: “Je, nikimpeleka akadhurika?” Ni nadra kujiuliza: “Je, nisipompeleka?” Lakini sisi, katika tendo la toba mwanzoni mwa Misa, tunakiri kwamba hata kutotimiza wajibu kuna uzito wake.

Sababu ya pili ni umbali wa hatari. Sindano iko leo. Saratani huja baada ya miaka mingi. Kilicho karibu hutisha kuliko kilicho mbali.

Sababu ya tatu ni nguvu ya uvumi. Neno la kutisha likirudiwa mara nyingi, akili hulizoea na kuliona kweli. Imevumishwa kwamba chanjo hii huleta ugumba. Sivyo; saratani yenyewe na matibabu yake ndivyo vinavyoweza kumnyima mwanamke uzazi.

Sababu ya nne huguswa kwa aibu: wazazi huhofu kwamba kumchanja binti ni kumfungulia mlango wa uasherati. Utafiti haujaonyesha hivyo. Isitoshe, hata mke mwaminifu aweza kuambukizwa na mumewe. Malezi ya usafi wa moyo yabaki palepale. Chanjo haichukui nafasi yake.

Mama Kanisa haipuuzi dhamiri. Mwezi Desemba 2020, likizungumzia chanjo za UVIKO-19, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilifundisha kwamba kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa kimaadili na kunapaswa kuwa kwa hiari. Likakumbusha pia wajibu wa kutafuta mafao ya wengi. Mwaka 2021 Papa Francisko aliita kuchanjwa kwa chanjo zilizoidhinishwa tendo la upendo. Hiari na upendo havipingani.

Basi, katika Jumuiya Ndogo Ndogo tusimdhihaki anayesita, kwa maana anayedhihakiwa hujifungia zaidi. Tumuulize anachokihofia, tumsikilize hadi mwisho, kisha tumweleze ukweli wote, pamoja na maumivu ya mkono, homa kidogo au kizunguzungu vinavyoweza kufuata sindano. Penye swali la kitabibu tumsindikize kwa mhudumu wa afya. Mara nyingi hofu ya mzazi ni upendo uliokosa maelezo. Nao upendo huo, ukipata mwanga, ndio utakaomfikisha binti kwenye kinga.