Safari za magari porini (Tanzania)

Safari za magari porini ni safari zinazofanywa kwa magari yanayovutwa na magurudumu yote manne katika njia zisizo na lami, huku wasafiri wakilala kwenye mahema badala ya nyumba za wageni. Nchini Tanzania wakazi wa Dar es Salaam huzifanya kuelekea Kisarawe, Saadani, bonde la Rufiji, Mikumi na mbali zaidi, hadi Ziwa Natron na mipaka ya magharibi. Maandalizi yake mara nyingi huanzia Kariakoo, kando ya Mtaa wa Msimbazi.

Watu huziita pia safari za "nje ya barabara", lakini jina hilo linapotosha. Nchini Tanzania kuacha lami kunaruhusiwa karibu kila mahali. Kuacha njia ni jambo jingine, na katika hifadhi nyingi ni kosa. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mwenendo mzima wa safari hizi.

Historia

Safari ya kwanza ya gari kuvuka bara la Afrika ilianzia Dar es Salaam. Tarehe 10 Agosti 1907 Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Ujerumani, aliondoka mjini humo kwa gari aina ya Gaggenau lililotengenezwa kwa ajili ya safari hiyo, akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Safari ilichukua siku 630. Vituo vya mafuta vilibidi kuandaliwa mapema njiani, na katika nchi ambayo mizigo mingi ilisafiri vichwani mwa watu, gari hilo liliwategemea wapagazi na wanavijiji waliolivuta kutoka kwenye matope.

Mwaka 1916 Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, eneo la soko lililojengwa na Wajerumani lilitumiwa na kikosi cha wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps, na hapo likapatikana jina la Kariakoo. Mahali panapouzwa leo majeki na kamba za kuvutia magari pamebeba jina la watu waliobeba mizigo kabla ya magari.

Kati ya mwaka 1924 na 1926 msafara wa Court Treatt ulisafiri kwa magari ya Crossley kutoka Cape Town hadi Kairo, ukipitia Tanganyika. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari Rally yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo yalikuwa mbio, na mbio zina desturi tofauti na safari. Karibu zaidi na mada hii ni Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989: washindani hupita porini kusiko na njia, lakini kwa siku moja tu, katika eneo linalobadilishwa kila mwaka, na fedha zinazochangwa zilisaidia kujenga uzio wa msitu wa Aberdare.

Maandalizi Kariakoo na Gerezani

Mtaa wa Msimbazi unapita katikati ya Kariakoo, kutoka Fire kwenye Barabara ya Morogoro hadi Gerezani, na tangu mwaka 2016 unapitiwa na mabasi yaendayo haraka. Gerezani inajulikana kwa muda mrefu kwa vipuri vya magari na mafundi wa chuma. Msafiri anaweza kupata huko springi, bolti za magurudumu, mikanda ya injini, chujio za dizeli na fundi wa kuchomelea kichanja cha juu ya gari. Katika maduka ya Kariakoo hununua turubai, kamba, koleo, panga, sufuria na madumu ya lita 20.

Kifaa kinachosahauliwa zaidi ni pampu ya upepo. Bila pampu dereva huogopa kupunguza upepo wa matairi, na asipopunguza hukwama. Matairi yenyewe hukaguliwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi linaweza kuonekana jipya na bado likapasuka kwenye mawe. Tairi la spea moja halitoshi kwa safari ya siku kadhaa mbali na mji.

Maji ya kunywa na kupikia hukadiriwa kuwa si chini ya lita tano kwa mtu kwa siku, na ya ziada kwa ajili ya rejeta. Mafuta huhesabiwa kwa ukarimu, kwa kuwa mchanga na gia nzito huongeza sana matumizi. Mzigo mzito huwekwa chini na katikati ya gari. Kichanja kilichojazwa madumu ndicho huangusha magari mengi kwenye mteremko wa ubavu. Kabla ya kuondoka, mtu aliyebaki nyumbani huachiwa jina la njia na siku ya kurudi.

Ardhi na ruhusa

Wageni wengi hudhani kwamba pori lisilo na nyumba halina mwenyewe. Kisheria pori la aina hiyo halipo Tanzania. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Uwanda unaoonekana mtupu mwezi wa Agosti huenda ni malisho yaliyotengwa na kijiji kwa ajili ya kiangazi, na kichaka chenye miti mikubwa huenda ni mahali pa tambiko au makaburi.

Katika ardhi ya kijiji msafiri hupiga hodi kwanza. Huenda ofisi ya kijiji, hujitambulisha kwa mwenyekiti au ofisa mtendaji, husaini kitabu cha wageni, kisha husema anataka kulala wapi na siku ngapi. Jioni ofisi ikiwa imefungwa, mwenyekiti wa kitongoji hutafutwa nyumbani kwake. Utaratibu huo humlinda mgeni pia: taa ya gari lisilojulikana usiku huwatia wafugaji hofu ya wezi wa ng'ombe, na kambi inayojulikana ofisini haivamiwi kwa kudhaniwa ya majangili. Mara nyingi mwenyeji huonyesha mahali bora kuliko palipochaguliwa na mgeni, kwa sababu anajua maji yanapita wapi. Kijiji kikitoza ada, hulipwa kwa stakabadhi. Fedha inayopewa kijana wa kwanza kukutana naye njiani haifiki kijijini, na hugeuka ugomvi kwa msafiri anayefuata.

Katika hifadhi za taifa, zinazosimamiwa na TANAPA, kulala hufanyika katika kambi zilizotengwa tu. Kambi za umma huwa na choo na mara nyingi banda la kupikia. Kambi maalumu hukodiwa mapema na kundi moja na kwa kawaida hazina huduma yoyote, hivyo ndizo zinazokaribia zaidi kulala porini. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA, misitu ya hifadhi chini ya TFS, na Ngorongoro ina mamlaka yake. Kuna pia maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori (WMA), ambako vijiji vyenyewe hutenga ardhi na kugawana mapato. Kila mamlaka ina kibali chake, na kibali cha moja hakitumiki kwa nyingine hata kama mpaka wake ni korongo tu.

Baadhi ya wasafiri kutoka Ulaya huja na mazoea ya Uskoti au Uswidi, ambako sheria au desturi humruhusu mtu kupiga kambi katika ardhi asiyoimiliki. Hata huko ruhusa hiyo ni ya mtembea kwa miguu, wala haimpi dereva haki ya kuacha barabara.

Kuendesha

Madhara makubwa ya gari porini hayaonekani siku yenyewe. Tairi hukandamiza udongo, maji ya mvua hushindwa kupenya, yakafuata mkondo wa tairi na kuuchimba. Gari linalofuata hukwepa mfereji huo na kupita pembeni, likifungua mkondo wa pili, kisha wa tatu. Baada ya masika chache njia moja huwa njia kumi, na nyasi zilizokuwa kati yake zimekwisha. Tatizo ni kubwa zaidi kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka hupasuka na ukilowa hushika tairi kama gundi. Dereva mwenye busara hungoja. Saa chache za jua kali huweza kubadilisha njia isiyopitika kuwa ngumu, na kungoja huko ni nafuu kuliko kuchimba.

Wanaopata hasara ni wanakijiji. Njia ya vumbi ambayo mgeni anaiona kama mchezo ndiyo inayopeleka mahindi sokoni na mama mjamzito zahanati, mara nyingi kwa bodaboda. Msafara wa magari matatu ukiichimba mwezi wa Aprili, mifereji hiyo hukauka ikabaki hivyo hadi greda lije, na greda haliji upesi. Kwa sababu hiyo safari nyingi hupangwa kuanzia Juni hadi Oktoba, nje ya masika ya Machi hadi Mei.

Kwenye mchanga, upepo wa matairi hushushwa kutoka psi 35 hivi hadi takriban 18 au 20, ili tairi litandae. Hujazwa tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa kuwa tairi laini kwenye mwendo mkali huchemka na kupasuka. Breki hazikanyagwi ghafla, na gari likianza kuzama dereva huacha kukanyaga mafuta, hushuka na kuchukua koleo. Kuendelea kuzungusha magurudumu hulikalisha gari juu ya difu. Kamba ya kuvutia hufungwa kwenye ndoano ya chesisi, si kwenye bampa, na watu wote husimama mbali nayo, maana kamba inayokatika huua.

Ng'ombe hupishwa. Gari husimama, injini ikizimwa ikibidi, mpaka mchungaji amalize kuvusha kundi. Karibu na nyumba mwendo hupunguzwa kwa ajili ya vumbi linaloingia kwenye vyungu vya watu. Jambo jingine ni mbegu: gugu karoti, mmea vamizi ulioenea Arusha, husafiri pamoja na matope kwenye matairi na uvungu wa gari. Kuosha gari kabla ya kutoka eneo lenye gugu hilo ni sehemu ya safari.

Ziwa Natron linaonyesha kwa nini kuacha njia ni hatari. Ni mazalia makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki. Kingo zake zimefunikwa na tabaka la magadi linaloonekana gumu, lakini chini yake kuna tope. Magari hukwama humo, na alama zake hubaki kwa muda mrefu.

Kuvuka maji

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kwenda mbali kujifunza nguvu ya maji. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kiangazi mtu huuvuka akiruka. Katika mvua kubwa hufunika bonde la Jangwani na kufunga Barabara ya Morogoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuelea gari dogo, na sentimita 60 huondoa magari mengi, yakiwemo makubwa. Kivuko hupimwa kwanza kwa fimbo na mtu anayetembea, isipokuwa kwenye mito yenye mamba na viboko kama Ruvu, Wami na Rufiji, ambako hakuna anayeshuka. Maji ya rangi ya udongo yanayobeba majani na vijiti yana maana kwamba mvua imenyesha juu na mto bado unapanda.

Kambi

Hema halipigwi ndani ya korongo kavu, hata mchanga wake uwe laini vipi, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali hufika usiku bila kelele. Halipigwi pia juu ya njia ya viboko kutoka mtoni kwenda malishoni, wala kando ya kisima ambacho mifugo au wanyama hunywea, maana harufu ya watu huwazuia kuja. Machungwa na maembe hayawekwi ndani ya hema mahali penye tembo au nyani. Viatu hukung'utwa asubuhi kwa sababu ya nge.

Moto huwashwa pale tu unaporuhusiwa, mdogo, juu ya udongo mtupu, na huzimwa kwa maji mpaka majivu yaweze kushikwa kwa mkono. Moto kichaa huchoma malisho ya mwaka mzima kwa alasiri moja. Jiko la gesi huondoa haja ya kuni, ambazo kwa vyovyote haziruhusiwi kuokotwa katika hifadhi za taifa. Haja kubwa huzikwa katika shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji. Takataka hurudi mjini zote. Fisi hufukua zile zinazofukiwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Pugu na Kisarawe

Kwa safari ya usiku mmoja kutoka Kariakoo, watu wengi huelekea vilima vya Pugu na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, unaosimamiwa na TFS na wenye maeneo ya kupiga kambi kwa kibali. Msitu huo ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imeenea zaidi, na umepungua kwa kukatwa mkaa na kuni za jiji. Miteremko yake ni ya mchanga na udongo mweupe wa kaolini, unaoteleza sana ukilowa. Udongo unaochimbwa na magurudumu kwenye miteremko hiyo hufuata vijito vya Msimbazi, ukaungana na ule unaotoka kwenye mashamba, machimbo ya mchanga na viwanja vya ujenzi, na sehemu yake hutua Jangwani, chini kidogo ya Kariakoo.