Vitani na Kovu: Kiswahili chetu ndani ya filamu ya simba

Watoto wetu wanaijua filamu ya katuni The Lion King ya mwaka 1994. Ya pili yake, Simba's Pride, ilitoka Oktoba 1998, na sehemu kubwa ilichorwa Australia. Adui wa filamu ya kwanza aliitwa Scar, maana yake kovu kwa Kiingereza. Basi kijana aliyeteuliwa kumrithi akaitwa Kovu. Dada yake akaitwa Vitani.

Agosti mwaka ule ule, vita vya pili vilianza Kongo. Kwa wachoraji, Vitani ni jina tu. Kwa familia zilizokimbia, ni mahali zilipotoka. Mtoto akikuuliza maana yake, mzazi, mweleze. Umwambie pia kwamba mwishoni Vitani anamkatalia mama yake kupigana.